Damu ya puani kwa mwenye hemofilia: la kufanya nyumbani na la kudai hospitalini

Kiangazi cha Dodoma, upepo na vumbi hukausha utando wa pua hadi unapasuka. Mwenye hemofilia au ugonjwa wa von Willebrand (magonjwa ya kurithi ambayo damu haigandi vizuri) anaweza kuvuja damu kwa saa nyingi.

Mkalishe, ainame mbele kidogo, mpe beseni ateme. Akiinua kichwa ataimeza damu, atatapika, na kutapika kutang'oa bonge la damu lililoanza kushika; tena hutajua amepoteza kiasi gani. Apenge taratibu mara moja, kisha bana nyama laini ya pua, chini ya mfupa, dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabana mfupa, au wanaachia kila dakika mbili wachungulie. Ukichungulia, anza kuhesabu upya. Kumwagia maji kichwani hakusaidii, na pamba hunata kwenye kidonda, ukiivuta unakifumua.

Kama daktari alishamwandikia asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu, mpe mapema. Dozi ya kawaida ni miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, mara tatu kwa siku: mtoto wa kilo 20 anapata kidonge kimoja cha miligramu 500 kila mara. Dawa hii haitengenezi bonge, inalizuia lisiyeyuke. Ndiyo maana huendelezwa siku kadhaa hata damu ikishakatika. Mkojo ukiwa na damu, usimpe.

Ukishabana mara mbili na bado inatoka, au akilegea na kupauka, nenda hospitali, akiwa bado ameinama na pua imebanwa. Anayetoka mbali, kama Kongwa au Mpwapwa, aondoke mapema zaidi, na apige simu njiani kuuliza kama fakta (dawa ya sindano yenye protini ya kugandisha damu anayoikosa) ipo. Beba kadi inayoonyesha aina ya ugonjwa.

Hospitalini, fakta itangulie. Kujaza gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) puani kufuate. Gozi kavu ikitolewa kabla fakta haijapanda, damu inaanza upya, hivyo omba ilowekwe kwenye traneksamiki ya sindano. Fakta ikikosekana, hemofilia A, anayekosa fakta 8, hupewa krayo (sehemu ya plazma yenye fakta 8). Hemofilia B, anayekosa fakta 9, hupewa plazma (majimaji ya damu), kwa sababu krayo haina fakta 9, na kosa hili hupoteza muda wa mgonjwa. Kataa sindano ya msuli, aspirini na diklofenaki. Kwa maumivu parasetamo inatosha.

Wiki inayofuata asipenge kwa nguvu wala kuchokonoa pua. Mdondoshee maji ya chumvi (nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa), kisha mpake vaselini ndani ya tundu za pua, asubuhi na kabla ya kulala.