Kabla ya kupita Wyoming kwa I-80

Wewe dereva mgeni uliyezoea joto la Texas, ukipangiwa mzigo wa kupita I-80, barabara kuu ya kule Wyoming, usiseme ni njia nyoofu tu. Toka Pine Bluffs, mashariki, hadi Evanston, magharibi, ni karibu kilomita 640, na miji imeachana mbali.

Jaza mafuta Cheyenne. Beba blanketi, maji, chakula cha siku mbili, koleo. Hayo hayahitaji hotuba.

Piga 511, namba ya simu ya hali ya barabara, kabla ya kuondoka, ukifika Laramie piga tena. Geti likishushwa, barabara imefungwa. Usiifuate GPS ikikuchepusha kwenye njia za mashamba.

Sasa upepo. Mimi nilidhani adui ni theluji. Siku hiyo jua linawaka, lami kavu, nyuma nina trela tupu. Tangazo likasema magari marefu mepesi yasipite; nikajiambia wanasemwa wenye karavani. Nilipopita Arlington, karibu na Elk Mountain, nikaona kiooni matairi ya kushoto ya trela yako hewani. Yakatua. Yakapanda tena. Mbele yangu lori la mtu limelala ubavu. Nikapunguza mwendo hadi wa baiskeli, nikachepuka penye njia ya kwanza ya kutokea, nikakaa humo ndani mpaka usiku maana magoti yaligoma kushuka.

Wenyeji hawashangai. Barabara ya zamani, US 30, inazungukia kaskazini kupitia Medicine Bow, na wafugaji waliwaonya wajenzi wasiiache. Wakubwa wakataka mkato. Kipande cha I-80 toka Laramie hadi Walcott Junction, kama kilomita 124, kikafunguliwa tarehe 3 Oktoba 1970, na siku chache baadaye dhoruba ikakifunga. Kuanzia 1971 zikajengwa zile nyua ndefu za mbao unazoziona kando. Zinazuia theluji. Hazikusaidii kuishikilia trela tupu.

Kwa hiyo, kama huna uzito, lala Laramie, na bosi akipiga simu mwambie apige kesho. Ukishuka Sherman, kilele cha I-80 nzima, mita 2,633, tumia gia, usikalie breki. Tafuta maegesho mapema, huwa yanajaa. Simu iwe na chaji. Na ukikwama kwenye theluji inayopeperuka, usitoke kwenda kuomba msaada kwa miguu. Hata kama unaona taa.