Uko jeshini Marekani? Usianze na GI Bill

Ndugu yangu unayetumikia jeshi la Marekani, usianze kula miezi yako 36 ya GI Bill (msaada wa serikali wa kusomesha wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi) ukiwa bado kazini. Omba kwanza Tuition Assistance, mpango wa jeshi wa kuwalipia ada walio kazini: inalipa ada hadi dola 250 kwa kila krediti ya muhula, na pesa inakwenda moja kwa moja chuoni. Kibali lazima kitoke kabla masomo hayajaanza. Hapo ndipo wengi wanapoumia, maana ukichelewa ada yote ni yako. Vitabu haigharamii, kwa hiyo jaza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, huenda ukapata Pell Grant, ruzuku ya masomo kwa wenye kipato kidogo. Ukipata chini ya C kwenye shahada ya kwanza, utarudisha pesa ya Tuition Assistance. Chukua somo moja kwanza, hasa kikosi kikikaribia kwenda mazoezini.