Jinsi ya kuuhoji moyo wako kwa utenzi, mi nilivyofundishwa

Vijana ninaowafundisha mashairi huwa wananiuliza nilirudije kuswali baada ya miaka ile, na jibu langu wanaona kama nawatania, nawaambia ni utenzi, lile shairi refu la kughani. Zamani nilikuwa naandika mashairi ya kuwasema watu tu, walevi, wanasiasa, wakopaji wasiolipa, kila mtu alikuwa na ubeti wake kwangu. Baba alipofariki nikaandika beti kibao za kuwausia watu kuhusu kifo, nikampelekea mzee aliyekuwa ananifundisha, fundi cherehani hapa Tanga, akasoma yote mguu uko kwenye cherehani akasema, "Umewasema wote mwanangu, we mwenyewe uko ubeti wa ngapi?" Nilinuna wiki nzima aisee.

Kwa hiyo cha kwanza, usimwandikie mtu, uandikie moyo wako. Hii sio yangu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa kule visiwa vya Lamu, alishaifanya kama miaka 200 iliyopita kwenye shairi lake la Al-Inkishafi. Anauuliza moyo wake mwenyewe mbona unahadaika na dunia, halafu anauonyesha majumba ya matajiri wa mji wa Pate yalivyobaki magofu, popo na buibui ndo wenyeji.

Chukua kaunta buku na peni, simu iweke mbali. Mi huandika baada ya alfajiri, kuna kijana wangu Mkristo yeye ni usiku akishasali, wakati wowote ambao nyumba imetulia.

Kabla ya ubeti wowote andika swali lako kwa maneno ya kawaida, moja tu, na liwe dogo. "Maisha ni nini" hapana, hapo utaishia kuhubiri. La kwangu lilikuwa hivi, mbona sikulia msibani kwa baba? Kulikubali tu hilo swali lilinichukua siku nne.

Sasa mizani. Ubeti wa kawaida wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8, vitatu vya mwanzo vinafanana kina, yaani silabi ya mwisho, cha nne kinabeba kina cha bahari ambacho hakibadiliki mpaka mwisho wa utenzi. Hesabu kwa vidole na usione aibu. Mtu ni mizani mbili, m-tu, na nchi ni mbili, hapo ndo wengi wanaangukia. Huu ndo ulikuwa ubeti wangu wa kwanza:

Moyo leo nauliza
mbona machozi wameza
mbele za watu wacheza
usiku waumwa nini?

Mtego uko kwenye vina. Ukichagua bahari ya -ia utateleza tu, vitenzi vinavyoishia hivyo ni vingi mno, utajaza kurasa na hujasema kitu. Chagua kina kinachokubana kidogo. Mi nilikuwa nataka kuandika kwamba nilimpenda sana baba, neno la kukaa pale halikupatikana, nikahangaika asubuhi tatu, lililokaa kwenye mizani na kina likawa ni lile la kwamba nilikuwa namuogopa. Nikaweka peni chini. Nilikuwa sijawahi kulisema, hata kwa mama.

Hapo ndo utatamani kuacha na kusema kweli mi niliacha, kama mwezi mzima. Ukiacha usichane kurasa. Siku ukirudi soma kwa sauti kuanzia ubeti wa kwanza, utenzi ni wa kughani bwana, sikio litakwambia wapi ulikuwa unadanganya maana ulimi unakwama palepale. Mimi asubuhi moja naghani nikajikuta nalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikatandika mswala nikaswali, hakuna aliyenilazimisha. Sikuambii na wewe itakuwa hivyo, kijana mmoja alipata jibu la kuacha kazi na ya dini hayakumgusa kabisa.

Ukimaliza tafuta mtu mmoja wa kumsomea, asizidi mmoja, na asiwe wa kukusifu. Za kwangu zilifika beti 31, nikampelekea mzee. Akazima redio, akasoma taratibu mpaka mwisho, akafuta miwani, akarudi nyuma na kidole mpaka ubeti wa 9. "Hapa mizani saba."