Kufuatilia Marekebisho ya Usalama ya Kiwandani kwa Gari la Zamani, Mtwara na Lindi

Gari lililotumika Japani kabla ya kufika Mtwara au Lindi huenda liliwahi kuitwa na kiwanda lirekebishwe bure, na mmiliki wa kwanza asilipeleke. Chukua namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari, uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bodi, kisha uiingize katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, kwa kuwa kurasa za Marekani mara nyingi hazitambui magari hayo.

Hitilafu isiyofaa kusubiri ni ya mifuko ya hewa (airbag) iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani: kemikali inayoijaza, nitrati ya amonia, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, hali ambayo pwani yetu inayo tele, na mfuko unapofumuka, kasha lake la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Fundi wa mtaani asiufungue. Mpigie wakala rasmi wa mtengenezaji wa gari lako, Dar es Salaam, na umuulize, kabla hujachoma mafuta kuvuka Rufiji, kama anahudumia magari yaliyoagizwa yakiwa yametumika na kama kipuri kipo. Kazi ikikamilika, dai hati yenye namba ya chesisi.