Kuifufua albamu ya stempu ya utotoni, kwa sisi wa Kusini

Kama ulisoma shule ya msingi Lindi au Mtwara miaka ya 1970, huenda kuna daftari la stempu limelala mahali nyumbani kwenu: juu ya kabati la mama, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, au kwa shangazi aliyebaki na vitu vya marehemu. Litafute. Mimi langu lilikuwa Mikumbi, Lindi mjini, nyumba ya wazazi wangu, kurasa zimegandana kwa joto na hewa ya chumvi. Tulikuwa tukibandika kwa uji wa muhogo, na mende wa pwani wanaupenda uji huo kuliko sisi tulivyozipenda stempu. Hata hivyo nyingi zimepona, na hivi ndivyo ninavyozishughulikia.

Subiri kusi, upepo wa katikati ya mwaka. Ukianza kazi hii Januari au Februari, mvua inanyesha na hewa nzito, gundi inashika upya na ukungu unarudi kabla hujamaliza ukurasa. Juni hadi Agosti hewa ni kavu zaidi na karatasi inatii. Nawa mikono, ikauke, usipake mafuta. Tafuta kibano cha nyusi chenye ncha bapa, maana kile chenye ncha kali kinatoboa, na kidole chenye jasho kinaacha doa.

Kurasa zilizogandana usizivute. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, weka sponji iliyolowa na kukamuliwa chini, juu yake weka kichujio cha chai au kipande cha wavu, kisha laza karatasi zilizogandana hapo, zisiguse maji. Funika. Kila baada ya muda funua ujaribu ukingo mmoja kwa kibano. Unyevu unalainisha gundi taratibu na stempu inaachia yenyewe. Kazi hii ifanye siku ambayo huna safari wala mgeni, kwani ukisahau bakuli hadi kesho utakuta ukungu.

Stempu za kawaida zilizobaki kwenye vipande vya bahasha unaweza kuziloweka. Maji ya uvuguvugu, bila sabuni, uso wa stempu juu. Zile zilizo kwenye bahasha nyekundu, za khaki, au zenye wino wa zambarau, loweka kila moja peke yake, rangi ikitoka isiharibu nyingine. Ikishaachia, isuuze mgongo, ilaze kifudifudi kwenye kitambaa cheupe kivulini, kisha ikikaribia kukauka iweke kati ya karatasi nyeupe chini ya vitabu vizito. Jua la Lindi linafifisha rangi mchana mmoja, kwa hiyo usianike nje. Stempu za zamani sana za wakati wa Waingereza usiziloweke kabisa, baadhi zilichapwa kwa wino unaoyeyuka. Na za siku hizi zenye gundi ya kujibandika zikatie pembeni uziache na karatasi yake.

Lakini kabla hujagusa maji, soma muhuri. Hapa nakuomba unisikilize, maana tulipokuwa watoto hakuna aliyetuambia.

Stempu ya samaki ya Tanzania, mfululizo ulioanza 1967, au ya kipepeo, ulioanza 1973, ilichapwa kwa wingi mno. Ukizitoa kwenye bahasha unabaki na picha nzuri ambayo kila mkusanyaji anayo. Bahasha nzima yenye muhuri wa Newala, Mikindani, Nachingwea, Masasi, Kilwa au Liwale ni jambo jingine. Hiyo ni barua iliyotoka mji wetu, tarehe fulani, kwa mkono wa karani wa posta aliyegonga muhuri mezani. Kama ni barua ya rejista, igeuze: mara nyingi mgongoni kuna mihuri ya njiani na ya kufika. Linganisha tarehe. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ikijaa barabara ya Dar es Salaam ilikuwa inakatika, na Kusini tulikuwa tunategemea meli na ndege. Bahasha ya namna hiyo inakuonyesha barua ililala wapi na ilikaa siku ngapi. Sijui kitabu gani cha historia ya nyumbani kinachokupa hilo kwa mwandiko wa mtu uliyemfahamu. Usiikate. Usiiloweke. Iache na anwani yake, na mikunjo yake, na alama ya chai kama ipo.

Kwa kujua umri, angalia jina lililoandikwa. Meli ya Kaiser, Hohenzollern, ni za Wajerumani kuanzia 1901, thamani yake ikiandikwa kwa sarafu iliyoitwa pesa na baadaye heller. Herufi G.E.A. (German East Africa) zilizogongwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda ni za kuanzia 1917, Waingereza walipokuwa wameshika nchi. Kichwa cha twiga na neno Tanganyika ni za kuanzia 1922. Mfalme au Malkia pamoja na majina Kenya, Uganda, Tanganyika ni za 1935 kuelekea uhuru, na humo utaona jahazi, simba na Mlima Kilimanjaro. Zile zenye Kenya, Uganda na Tanzania pamoja ziliisha katikati ya miaka ya 1970, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika mwaka 1977. Sisi watoto wa wakati ule tulikuwa na hizi za mwisho kwa mafungu, pamoja na za Ujerumani tulizozipata kwa kuwasumbua watu waliofanya kazi misheni ya Ndanda, kwa sababu mapadre na masista walikuwa wanapokea barua za kwao kila mara.

Ukienda kuomba bahasha kwa wazee, nenda kwa adabu. Shikamoo kwanza, mazungumzo, kisha ombi. Barua iliyomo ndani si yako: itoe mbele yake, umkabidhi, ubaki na bahasha tu. Bibi mmoja jirani yetu alinipa bahasha za mumewe aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mtwara, na barua zenyewe alizifunga upya kwa kanga. Ilikuwa haki yake. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni nani alikupa na ilitoka wapi, kamwe usiandike juu ya bahasha.

Kuhifadhi: epuka albamu za picha zenye kurasa za gundi, na plastiki laini inayonuka, vyote vinang'ang'ania stempu na kuziharibu. Daftari la karatasi ngumu nyeupe linatosha. Kata vipande virefu vya karatasi, bandika ukingo wa chini na pembeni tu, upate mfuko wa kuchomeka stempu bila kuipaka gundi. Weka yote kwenye kopo kubwa la biskuti lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Kopo likae rafuni, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, na mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua. Lifungue mara kwa mara, pitisha kurasa hewani, angalia vumbi la wadudu kwenye pembe.

Za ziada, zile samaki na vipepeo vya mara kumi, usizifungie. Mpe mjukuu au mtoto wa kaka pamoja na kibano chake na daftari lake, na umwachie azipange anavyotaka, kwa rangi au kwa wanyama. Mihuri mtaanza kuisoma pamoja atakapouliza Nachingwea ni wapi.