Chupa ya maji na inhela: jinsi ya kumpa mtoto salbutamoli ifike mapafuni

"Sista, dawa haimsaidii." Nasikia hivyo karibu kila kliniki. Nikimwomba mama anioneshe anavyompa mtoto salbutamoli, dawa ya pumu inayovutwa kwa inhela (kopo la kupuliza), naona moshi wa dawa ukimtoka mtoto mdomoni. Dawa ni nzima, ila imeishia ulimini. Chupa ya maji ya nusu lita inatatua tatizo hilo, na inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 1. Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: plastiki iliyosuguliwa huvuta dawa ikanata ukutani.

Hatua ya 2. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, chora umbo lake, kisha toboa kwa waya uliopashwa moto. Tundu likaze kabisa. Pakibaki upenyo, ziba kwa plasta.

Hatua ya 3. Tikisa inhela. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi, puliza mara mbili hewani kwanza.

Hatua ya 4. Mtoto akae wima, afumbe midomo kuzunguka shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi taratibu humo humo, mara nne hadi sita. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji kifaa chenye barakoa.

Hatua ya 5. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo umpe mpulizo wa pili. Wengi hubonyeza miwili kwa mpigo, usifanye hivyo.

Salbutamoli hulegeza misuli ya mirija ya hewa ndani ya dakika chache, ikadumu saa 4 hadi 6. Uvimbe ulioletwa na aleji ya vumbi au mende hauguswi. Kazi hiyo ni ya dawa ya kuvuta ya steroidi, kama beklometasoni, kila siku hata kifua kikiwa kimetulia, na mtoto asukutue baada yake. Akihitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kliniki.

Akishindwa kuongea au kunyonya, mbavu zikibonyea, au ulimi ukiwa wa buluu, mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpa dawa njiani.

Kopo moja huwa na mipulizo 200. Usilipime kwa kulielesha majini, linadanganya. Andika tarehe uliyolianza, uhesabu.