Kuipasha moto domeni mpya ya barua pepe kabla ya msimu wa Malindi

Nyumba ya wageni ikishanunua domeni yake ya .co.ke (jina linalokuja baada ya alama ya @ kwenye anwani), mwenyewe hutamani kuwaandikia wageni wote wa zamani siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Domeni mpya haina sifa, nzuri wala mbaya, na vichujio vya Gmail, Outlook na Libero, ambayo Waitaliano wengi huitumia, vikiona barua elfu mbili zimetoka kwa mkupuo mahali pasipojulikana, huziweka kwenye barua taka. Kuitoa domeni huko ni kazi ndefu kuliko kuipasha moto, yaani kuongeza barua kidogo kidogo hadi izoeleke, tangu mwanzo.

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka msimu wenyewe. Ukiwataka wageni wa Agosti, nunua domeni mwezi wa Aprili, masika yanapoanza na vyumba vikiwa vitupu. Wiki mbili za kwanza isitume kitu. Weka tovuti inayofunguka, hata ya ukurasa mmoja. Kisha tenga wiki sita za kupasha.

Katika hizo wiki mbili, weka rekodi tatu za DNS (orodha ya mipangilio ya domeni yako, kwa kampuni uliyonunua kwake): SPF, DKIM na DMARC. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na lazima iwe rekodi moja tu. Watu huongeza ya pili wanapoanza kutumia huduma nyingine ya kutuma barua, na hapo zote mbili hubatilika. Unganisha kila kitu katika mstari mmoja, usiozidi utafutaji 10 wa DNS. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye kila barua: chagua ufunguo wa biti 2048. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyolingana na domeni yako: anza na p=none (wasizuie kitu, walete ripoti tu), ripoti ziende kwenye anwani ya pembeni.

Kosa linaloumiza wengi liko hapa. Huduma ya kutuma barua inaweza kutia sahihi kwa domeni yake yenyewe, si yako. DKIM itapita, lakini DMARC inaweza kushindwa, kwa sababu domeni iliyotia sahihi hailingani na ile anayoiona msomaji kwenye "Kutoka". Ingia kwenye mipangilio ya huduma hiyo uthibitishe domeni yako, kisha jitumie barua ya majaribio kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu, na ufungue ujumbe asilia. Karibu na majina yote matatu lazima pawe na neno PASS. Likikosekana hata kwa moja, usianze. Na usitumie anwani ya gmail.com kama mtumaji ndani ya huduma hizo. Google yenyewe huzitilia shaka barua za namna hiyo.

Sasa kutuma. Siku tatu za kwanza tuma barua 10 hadi 20 kwa siku, ukiziandika moja moja, kwa watu watakaojibu: wateja wa mwaka huu, mwenye mashua, wakala wa Watamu, jamaa walioko Italia. Jibu lina uzito kuliko kufunguliwa tu. Malindi biashara nyingi hupita WhatsApp, basi itumie: mwambie mgeni umemwandikia barua pepe, na akiikuta kwenye taka aitoe na akujibu. Huu ndio msaada mkubwa kuliko yote unaoweza kumwomba mtu.

Baada ya hapo ongeza kila siku mbili au tatu, usizidishe maradufu: 20, 35, 60, 100, 150. Sambaza barua mchana kutwa. Kila mtoa huduma ana kumbukumbu yake. Sifa uliyoijenga Gmail haikusaidii Libero, kwa hiyo gawa kila fungu kati yao kwa kadiri orodha yako ilivyo. Waliokupa anwani zao hivi karibuni watangulie, wa zamani wafuate mwisho.

Orodha ndipo penye hatari. Anwani zilizonakiliwa kutoka daftari la wageni, kwa mwandiko wa mkono, huwa na makosa, na barua nyingi zitarudi. Zaidi ya hayo, mtu kuandika jina lake daftarini si ruhusa ya kumtumia matangazo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini, na ya Ulaya pia. Orodha ya kununua usiiguse kabisa.

Barua ikirudi, soma namba ya kosa iliyo kwenye ujumbe wa kurudishwa. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Futa anwani hiyo siku hiyo. Inayoanza na 4 ni ya muda, na 421 mara nyingi humaanisha unatuma upesi mno. Rudi nyuma hatua moja, ngoja siku mbili. Zikirudi zaidi ya 2 katika kila 100, simamisha usafishe orodha. Malalamiko yana kikomo kikali zaidi: Gmail inataka yawe chini ya asilimia 0.1 na yasifikie 0.3. Ukituma barua 200, mtu mmoja akibonyeza kitufe cha taka tayari ni asilimia 0.5. Ndiyo maana kila tangazo lazima liwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kwa wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail, hilo lilikuja na masharti ya 2024.

Yaliyomo yawe mepesi: maneno mengi kuliko picha, viungo viwili au vitatu vya tovuti yako mwenyewe, si viungo vilivyofupishwa. Matangazo yatoke kwenye domeni ndogo, mfano habari.jinalako.co.ke, ili malalamiko yakizuka, uthibitisho wa vyumba usiathirike sana.

Wiki ya sita ripoti zikiwa safi, peleka DMARC hadi p=quarantine (barua zinazoshindwa ziende kwenye taka). Msimu ukiisha usinyamaze kabisa. Endelea kutuma barua chache kila wiki, na ukikaa mwezi mzima bila kutuma, anza tena kwa robo ya idadi uliyokuwa umefikia.